Ndoo za Mzee Enosa

Jiwe la kaburi la Mzee Enosa lilikuja na meli ya mizigo, limefungwa ndani ya kasha la mbao, na kabla halijakaa sawasawa gatini kisiwa kizima kilikuwa kimeshajua kwamba Saulo amesema atalisimamisha mwenyewe.

Aliyasema hayo palepale, mbele za watu, bila kupunguza sauti. "Simwombi mtu. Baba ni wangu, jiwe ni langu, na mikono ninayo." Waliokuwa wakipokea magunia yao ya mchele wakaacha kupokea. Mama mmoja akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwendesha winchi, kijana wa bara asiyejua lolote la watu hawa, akauliza kuna nini, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumweleza.

Maana katika visiwa hivyo vya Torres, kule juu kabisa Australia inapotazamana na Papua, mtoto hagusi kifo cha mzazi wake, wala mtu yeyote wa damu ya marehemu. Hachimbi kaburi, haoshi maiti, habebi jeneza, na jiwe likija halishiki hata kwa kidole. Kazi hiyo ni ya mashemeji. Wao ndio marigeth, mikono ya msiba. Wao huzika, na baada ya mwaka au miwili, familia ikishapanda viazi na kukusanya vyakula, wao hulisimamisha jiwe na kulivika vitambaa vya maua. Siku ya kufungua hulivua mbele ya watu wote, na hapo ndipo marehemu huhesabiwa kuwa amefika alikokuwa akienda. Wafiwa kazi yao ni kulia, kupika na kuwashukuru mashemeji kwa chakula na mikeka. Jiwe lililosimamishwa na mtoto wa marehemu hakuna aliyewahi kuliona, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliona.

Sasa, Mzee Enosa aliacha mtoto mmoja tu, Saulo huyo huyo, mpiga mbizi wa kamba koche, mtu mzima mwenye mvi masikioni. Mke wa Saulo, Melita, alikuwa amekufa. Kaka yake Melita ni Dimas, kwa hiyo kazi ilikuwa ya Dimas na wadogo zake. Na Dimas ndiye mtu ambaye Saulo hakuwa amemsalimia tangu siku Melita alipofumba macho. Hata Mzee Enosa alipozikwa, Dimas alichimba, Dimas alishusha jeneza, na Saulo alikuwa akitazama bahari.

Kisa chenyewe ni hiki. Dimas ni mwenyekiti wa halmashauri ya kisiwa. Melita alipobanwa na kifua, nesi wa zahanati alikuwa likizo, na wakubwa wa bara hawakuona sababu ya kuleta mwingine. Dimas akapiga simu kuomba helikopta. Akarudi akasema, "Wamesema tusubiri." Wakasubiri. Helikopta ilipokuja kutua kwenye uwanja wa mpira, ikipeperusha mchanga mpaka kwenye sufuria za watu, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Saulo hakuwajua wakubwa hao kwa sura. Hakujua wanakaa ghorofa ya ngapi wala huwa wanakunywa chai saa ngapi hata simu isipokewe. Shule aliiacha mapema, na barua zao hakuweza kuzisoma mpaka mwisho. Aliyemjua kwa sura ni Dimas. Basi hasira yote aliyokuwa nayo kwa wakubwa, na ilikuwa nyingi, akaishusha nyumbani kwa Dimas, kwa kuwa kwa Dimas ndiko alikokuwa anaweza kufika kwa miguu.

Jioni ile ile meli ilipoondoka, shangazi yake, Sepi, dada wa marehemu, alimkuta chini ya nyumba akinoa mwiko wa kujengea. Shangazi Sepi alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alipoivaa siku ya kazi watu walipisha njia.

"Karibu, shangazi," Saulo alisema.

"Sikaribishwi na mwendawazimu. Akili umeiacha chini ya maji na kamba wako?"

"Nimeshasema nilichosema."

"Nimesikia. Kisiwa kizima kimesikia. Mbwa wa kasisi amesikia, amekataa chakula." Akaketi juu ya kreti. "Haya, niambie, mimi ni mjinga. Ukishalisimamisha, nani atalifungua? Wewe?"

"Nitaona."

"Utalivua vitambaa mwenyewe, kisha ugeuke ujishukuru mwenyewe? Ujichomee nguva, ujiletee sahani, ujiambie, 'Kula, shemeji, umefanya kazi'? Ukimaliza ujipe na mikeka?"

Saulo alitaka kucheka akajizuia. "Dimas asikanyage pale."

"Dimas ndiye aliyemzika."

"Sikumwita."

"Nani huitwa? Umewahi kumwona shemeji akaitwa? Mtu akifa, shemeji anakuja kama mawimbi yanavyokuja." Akagonga fimbo yake chini. "Baba yako angekuwa hapa..."

"Baba angeomba."

"Angeomba, ndiyo. Angeomba mpaka nguru waoze." Na hapo sauti yake ikalegea, akaitazama boti iliyopinduliwa kando ya nyumba, na wote wawili wakawa kama wanamsikia akiomba.

Mzee Enosa alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana pale kisiwani tangu Saulo hajaota meno ya pili, na hapakuwa na kitu alichokianza bila sala. Aliiombea mashine ya boti kabla ya kuvuta kamba yake, tena kwa urefu, akiitaja plagi, kabureta na yule fundi aliyeitengeneza vibaya. Samaki waliokuwa juu wakiruka walikuwa wameshazama na kwenda zao ndipo aseme amina. Mashine ikikataa kuwaka hakutukana. Alisema, "Haleluya," kwa namna ambayo mtu mwingine angesema neno jingine kabisa. Jioni sala yake ya nyumbani ilisikika mpaka nyumba ya nne. Aliwaombea wagonjwa kwa majina, akamwombea mbwa wake aliyekuwa na kigaga, kisha akafika kwa wakubwa wa bara, na hapo Saulo alikuwa akisaga meno.

"Baba, wale hawahitaji sala. Wanahitaji kufukuzwa."

"Ndiyo maana nawaombea, mwanangu. Wewe ungekuwa mkubwa, ningekuombea mara mbili."

Habari za ukoo alizisimulia kila mwaka, mwanzo wa Julai, watu wanaposherehekea Kuja kwa Nuru, siku Injili ilipofika visiwani kwa mashua. Wengine walipenda kusema babu zao waliipokea kwa mikono miwili na nyimbo. Mzee Enosa hakukubali.

"Babu wa babu yangu alishuka ufukweni na rungu," alisema. "Rungu kubwa. Akamkuta mwalimu wa dini, mtu wa kisiwa cha Lifu, ametapika njia nzima, hawezi hata kusimama, ameshikilia mchanga kama vile nao utamkimbia. Sasa utampigaje rungu mtu anayetapika? Akaangua dafu akampa. Ndiyo habari yote. Injili kwetu iliingia kwa dafu. Tulitoa maji kwanza, mengine tukauliza baadaye, na hiyo ndiyo kazi ya nyumba hii mpaka leo."

Kazi hiyo aliifanya hasa kwa kisu. Kasa akipatikana, au nguva, au hata nguru mmoja mkubwa, Mzee Enosa ndiye aliyekata, na kabla ya kuhesabu midomo ya nyumbani alitenga fungu la mashemeji. Nyama nzuri, si mabaki. Melita alikuwa akimtania: "Baba, kaka yangu atanenepa ashindwe kuingia ofisini." Naye alijibu, "Basi atakaa nje na watu, itakuwa heri zaidi."

Melita alipozikwa, siku ya kwanza ya kurudi baharini, Saulo alitupa nguru wawili mezani akasema, "Kuanzia leo, fungu la mashemeji halipo."

Mzee Enosa alifuta kisu kwa kitambaa, upande huu, upande ule. "Sawa, mwanangu," alisema.

Hakubishana, wala hakuhubiri. Ila tangu siku hiyo alichukua fungu lake mwenyewe, lile la tumbo lake, akalitia kwenye ndoo ya aiskrimu iliyokwisha, akafunika, akavaa kofia, akatoka. "Naenda kusalimia watu," alisema. Alirudi mikono mitupu akala wali kwa mchuzi wa jana.

"Samaki wako yuko wapi?" Saulo aliuliza.

"Amefika."

"Amefika wapi?"

"Alikokuwa anakwenda."

Saulo akajiambia kwamba mzee anampelekea kasisi, akakasirika na kanisa pia, ili lisibaki nje. Tena ndoo zilikuwa zinaisha. Zilikuwa ndoo zake za chambo, alikuwa amezipaka mistari miwili myekundu kama maboya yake, na kila mwezi moja ilikuwa haionekani. Aliwalaumu watoto wa jirani, akaulaumu upepo wa kusi, na hatimaye akailaumu halmashauri, kwa sababu ilikuwa haizoi taka na huenda wamezizoa ndoo zake kwa makusudi.

Mzee Enosa alikufa usingizini, Biblia kifuani, mchana wa Jumapili baada ya chakula.

"Nakwenda," Shangazi Sepi alisema sasa, akijiinua kwa fimbo.

"Unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda." Akageuka, kofia ikamfuata. "Na usiliguse jiwe la kaka yangu."

Kesho yake asubuhi Saulo aliligusa.

Trekta ni la halmashauri na ufunguo anao Dimas, kwa hiyo hakuulizia trekta. Alichukua toroli la kubebea mashine ya boti, akalisukuma mpaka gatini, akalivunja kasha, akalifunika jiwe kwa turubai bila kuliangalia usoni, maana kule mbele ilichorwa picha ya mzee na hilo hata yeye, kwa ukaidi wake wote, hakulithubutu. Akalipandisha kwa nyenzo. Akaanza kusukuma kuelekea makaburini.

Makaburi ya kisiwa hicho yako ufukweni, na bahari kila mwaka inakula kidogo. Wakubwa wamekuja mara nyingi kuyapiga picha. Kila uchaguzi huja mmoja na fulana yenye kola, anasimama pale pale, anatikisa kichwa kwa huzuni nzuri, anaahidi ukuta. Ukuta wenyewe uko kwenye karatasi, na bahari haijui kusoma. Kwa hiyo udongo pale ni mchanga mtupu, na Saulo, aliyezaliwa na kukulia juu ya mchanga huo, alisahau jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua: gurudumu dogo na mzigo mzito havipiti.

Toroli lilizama hatua chache tu kabla ya kaburi la mzee. Likainama. Jiwe likaanza kuteleza, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani, likielekea kwenye msalaba wa zege wa kaburi la jirani. Saulo akaruka akalizuia kwa bega.

Hapo akakwama. Akilisukuma juu, nguvu hazitoshi. Akiliacha, linaangukia msalaba na kupasuka vipande viwili, na uso wa baba yake nao. Basi akasimama pale amejikunja, shavu kwenye turubai, miguu ikizama, amebebana na jiwe la baba yake kama wacheza mieleka waliochoka.

Watu wakatokea. Kisiwa ni kidogo. Wakasimama kwenye njia, nje ya makaburi, binamu zake, watoto wa baba zake wadogo, wote wa damu ya Enosa.

"Saulo!" mmoja akapaza sauti. "Inama kidogo kushoto!"

"Njoo ushike basi!"

"Siwezi! Mimi ni damu!"

"Hata mimi ni damu!" mwingine akasema kwa majonzi.

"Weka goti chini yake!"

"Asiweke goti, litavunjika. Saulo, usiweke goti!"

"Mmekuja kutazama sinema?" Saulo akapiga kelele, na jiwe likateleza kidogo zaidi.

"Tunakuombea!"

"Haleluya!" alisema Saulo, na wote waliomsikia wakatazamana, kwa sababu ilikuwa sauti ya mzee yule yule.

Ndipo trekta lilipokuja. Dimas alikuwa anaendesha, wadogo zake wawili wamekaa kwenye tela, na juu ya bawa la tairi, ameshika kofia yake isipeperuke, Shangazi Sepi. Kwenye tela kulikuwa na kitu cheupe kilichopangwa juu kwa juu, lakini kutoka alikokuwa Saulo, jasho machoni, hakuweza kuona ni nini.

Dimas alizima trekta. Ni mtu mnene, wa kutembea polepole. Alikuja mpaka penye jiwe, akalizunguka, akatazama gurudumu, akatazama bega la Saulo.

"Shemeji," alisema, "unatupa kazi yetu, au hutupi?"

"Ondoka."

"Sawa." Dimas akaketi mchangani, akanyoosha miguu. "Nitangoja. Siwezi kulichukua mkononi mwako kwa nguvu, unalijua hilo. Ukisema, tunashika. Usiposema, tutakaa hapa tuongee, nawe ukiwa umelala vizuri hivyo."

"Sina la kuongea na mwenyekiti."

"Basi ongea na mtu wa ndoo. Nimekuletea ndoo zako."

"Ndoo gani?"

Mmoja wa wadogo zake akazishusha kutoka kwenye tela, akazipanga mchangani mbele ya Saulo. Ndoo za aiskrimu, zimeoshwa zikang'aa, kila moja na mistari yake miwili myekundu. Hazikuwa tupu. Moja ilikuwa na viazi vitamu, nyingine viazi vikuu, nyingine maboga, nyingine ndizi mbichi.

"Mke wangu hawezi kurudisha chombo kitupu," Dimas alisema. "Amevijaza kwa ajili ya karamu ya mzee. Tulikuwa tunangoja utuambie siku. Tangu baba yako azikwe samaki hawakuja tena, tukasema, basi, Saulo yuko kwenye msiba, mfiwa havulii watu wengine. Tukangoja. Jana Shangazi anakuja kuniambia unafanya kazi yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikajiuliza, nimemkosea nini huyu mtu? Miaka yote hiyo ananilisha, leo ananinyang'anya mzee wangu?"

Saulo alifungua mdomo, na mchanga wa kwenye turubai ukaingia.

"Nani alikulisha?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mistari ya nani hiyo? Ya kasisi?"

Saulo alizitazama ndoo zake. Alizitazama moja moja. Bega lake likaanza kutetemeka, na binamu mmoja kule njiani akasema kwa sauti ya chini, "Litaanguka, jamani, litaanguka," lakini mwenzake akamnyamazisha.

"Alisemaje?" Saulo aliuliza.

"Nani?"

"Baba. Alipokuwa akileta."

"Alisema, 'Hii imetoka kwenye boti ya Saulo.'"

"Alisema mimi ndiye niliyemtuma?"

Dimas akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hilo hata maadui zake hawakumnyima. "Hapana," alisema. "Sasa ukiniuliza hivyo, hapana. Nilikuwa nikisema, 'Mwambie Saulo asante,' naye anasema, 'Mungu amesikia.' Kisha anafunga macho, anaomba. 'Bwana, unaujua moyo wa mwanangu aliyevua samaki huyu.' Na sisi tunasema amina."

"Kaka yangu hakuwahi kusema uongo," Shangazi Sepi alisema kutoka juu ya trekta. "Boti si yako? Mungu haujui moyo wako?"

Wadogo wa Dimas walitazama chini wasicheke.

Kisha Saulo akasema, kwa shida, kwa kuwa kifua kilikuwa kimebanwa: "Ulisema tusubiri."

Hakuna aliyeuliza ni nini. Dimas akachota mchanga akauacha uanguke.

"Nilisema walichosema," akajibu. "Walinipa muziki, Saulo. Unajua? Ukipiga simu kule wanakupigia muziki, kinanda, tiriri tiriri, dada yangu anavuta pumzi chumba cha pili na mimi nasikiliza kinanda. Nilipata mtu, akasema subirini. Nikapiga tena, kinanda. Mpaka leo harusi ikipigwa kinanda mimi natoka nje. Unaniita mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini? Nina ufunguo wa trekta na mihuri miwili. Ulidhani nimeificha helikopta chini ya kitanda?"

"Ungepiga kelele."

"Nilipiga."

"Ungepiga zaidi."

"Ningepiga zaidi," Dimas alisema. "Ndiyo. Hilo nalibeba. Alikuwa mkeo, lakini kabla hajawa mkeo nilimbeba mgongoni kumpeleka shule."

Saulo hakumsamehe pale. Mambo hayo hayaondoki kama vumbi. Wakubwa walibaki na hatia yao, kila mmoja kwa cheo chake, na katika moyo wa Saulo Dimas alibaki na kipande chake. Lakini alikuwa amechoka. Na ndoo zilikuwa zimepangwa mbele yake, na alimwona mzee akitembea na kila moja ya hizo, kofia kichwani, jua la saa kumi, njia nzima ya kijiji kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, na tumbo tupu, na kurudi kula wali kwa mchuzi wa jana, na kulala.

"Shemeji," Saulo alisema.

Dimas akainua uso.

"Shika."

Wakainuka wote watatu kwa mara moja, kana kwamba walikuwa wamekalia neno hilo. Dimas aliingiza bega lake pale pale penye bega la Saulo, na uzito ukahama, na Saulo akajikuta amesimama kando, mikono inaning'inia, haina kazi. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akatoka nje ya makaburi alikosimama wale wa damu. Binamu zake wakampisha nafasi katikati yao. Mmoja akampa maji.

Kutoka kule akawatazama mashemeji wakichanganya saruji. Dimas alisahau pima maji, akatumia chupa ya maji aliyoilaza juu ya jiwe. Lilikaa sawa.

Walilifungua Julai, siku ya pili baada ya Kuja kwa Nuru, jamaa wote wakiwa wamesharudi kutoka bara. Mheshimiwa mmoja alikuja na kofia mpya ya ukili, akala nguva mara mbili, akaahidi ukuta. Vitambaa vilivuliwa kimoja baada ya kingine, na cha mwisho Dimas alikivuta kwa uangalifu kama anayemfunua mtoto aliyelala. Mzee Enosa akatokea kwenye jiwe jeusi, macho nusu yamefumbwa. Mpiga picha wa zamani alikuwa amemkamata katikati ya sala, na hapakuwa na picha nyingine, kwa sababu kila aliyempiga alimkuta hivyo. Watu wakacheka wakalia kwa pamoja. Saulo akasimama kushukuru, mwanzoni hakuna aliyemsikia, akarudia.

Jumamosi iliyofuata bahari ilikuwa tulivu, akapata nguru mkubwa. Alimlaza mezani, akashika kisu cha baba yake, na kabla ya kitu kingine akakata fungu la katikati, lile nene. Akalitia kwenye ndoo. Akaichukua kofia ya mzee msumarini, kubwa kidogo kwake, akatoka, akapita kijiji chote, na kila aliyemwona akajifanya anafanya jambo jingine.

Mke wa Dimas alimfungulia. Hakushangaa, au alificha. Alichukua ndoo, akaiweka mezani, akamwita mumewe, akaita watoto, na wote wakasimama kuizunguka, wakainamisha vichwa.

Saulo akabaki mlangoni. "Mnafanya nini?"

"Tunangoja," Dimas alisema, macho yamefumbwa. "Ndoo hii haifunguliwi kabla ya sala. Ndivyo tulivyozoea."

Saulo hakuwa ameomba tangu Melita. Kanisani alikaa nyuma, na kwenye amina alikohoa. Sasa alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Nzi alitua kwenye mfuniko.

"Shemeji," Dimas alinong'ona, "samaki anaharibika."

"Bwana," Saulo akaanza, akatafuta mahali pa kushika, na alipajua mahali pamoja tu. "Bwana, asante kwa ajili ya mashine. Leo imewaka. Plagi ni ya zamani, kabureta inavuja, unaijua. Na yule fundi, umhurumie." Akapumua. Akataja wagonjwa kadiri alivyowakumbuka. Akamtaja Melita, na mke wa Dimas akafuta pua. Akamtaja baba yake. Akamtaja hata mbwa, ingawa alikuwa ameshakufa. Kisha akafika kwa wakubwa wa bara, na kila mtu chumbani akasikia jinsi alivyosaga meno.

"Na wale, Bwana," alisema, "uwape masikio. Uwanyang'anye kile kinanda."

"Amina," alisema Dimas.

"Sijamaliza," alisema Saulo.

Dimas akafumbua jicho moja, akamtazama mkewe, akalifumba tena.